Akili Unde na Mwanafunzi Anayeanza Kuandika Programu

Ichukuliwe kwamba mwanafunzi wa sekondari huko Makere, kwenye njia itokayo Kasulu kwenda Kibondo, anaanza kujifunza kuandika programu za kompyuta kwa lugha ya Python. Anataka kupata wastani wa bei ya debe la maharage katika magulio manne. Daftari lake laonyesha shilingi 20,000, 22,000, 0 na 24,000. Anaiuliza akili unde kwa simu, na kufumba na kufumbua anapewa programu safi. Programu inatoa jibu: shilingi 16,500.

Jibu hilo si sahihi, ingawa hesabu yenyewe haina dosari. Sufuri ile haimaanishi kwamba maharage yaligawiwa bure. Yamaanisha kuwa siku hiyo hayakuletwa gulioni. Wastani wa kweli ni wa magulio matatu, yaani shilingi 22,000. Mama auzaye maharage angeligundua kosa mara moja, kwani hakuna siku debe liliuzwa chini ya shilingi 20,000. Kompyuta haikulalamika hata kidogo.

Sababu yake si ngumu kueleweka. Mtambo kama ChatGPT, uliofunguliwa kwa umma Novemba 2022, umefunzwa kwa maandishi mengi mno, nao hujenga jibu kwa kukadiria kipande kipi cha maneno chaelekea kufuata kingine. Maswali ya wanaoanza yamekwisha kujibiwa mara nyingi katika maandishi hayo, ndiyo maana mara nyingi hupatia. Lakini haujui habari za gulio usipoambiwa, na hutumia sauti ile ile ya uhakika unapopatia na unapokosea.

Je, shule ziupige marufuku? Historia ya nchi yatoa funzo. Mwaka 1965 kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, ilisimikwa katika Wizara ya Fedha. Baadaye jitihada za kuweka hesabu za serikali katika kompyuta zilishindwa; wataalamu wazalendo walikuwa wachache, na kazi ilitegemea mno wageni. Mwaka 1974 serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini, na masharti hayo yalilegezwa polepole tu. Funzo lina pande mbili: chombo kitumiwacho bila ujuzi huleta hasara, na anayezuiwa kukigusa hawezi kuupata ujuzi huo.

Hapana budi, basi, kutafuta njia ya kati. Kwanza, mwanafunzi aandike hatua za kazi kwa kalamu na karatasi kabla ya kuuliza lolote. Kazi hiyo haihitaji hata umeme. Pili, ajaribu mwenyewe na kukosea, maana kusaka kosa ndiko kunakofundisha jinsi kompyuta inavyofuata amri. Tatu, akikwama aombe dokezo, wala si programu nzima. Nne, kila mstari aliopewa aueleze kwa maneno yake, kisha aweke simu kando na kuuandika upya. Mwisho, aijaribu programu kwa tarakimu ambazo jibu lake analijua, pamoja na sufuri na nafasi tupu.

Mwalimu naye asiridhike kwa kuona programu inafanya kazi. Amwite mwanafunzi ubaoni na kumwuliza: ikiwa gulio moja halikuwa na maharage, ni mstari upi utakaobadilika? Aliyejifunza atauonyesha, aliyenakili atanyamaza.

Katika shule yenye mwalimu mmoja na wanafunzi wengi, msaidizi asiyechoka kuulizwa ni neema. Lakini wahenga walisema cha kuazima hakisitiri. Siku mtandao utakapokatika, au jibu litakapokuwa si sahihi, kitakachobaki ni kile tu ambacho mwanafunzi amekielewa mwenyewe.