Mkono mmoja haulei mwana, wala seva

Waliozoea kusoma hapa habari za hifadhidata na mitandao watanivumilia leo. Wiki 11 zilizopita tulijaliwa binti, na tangu siku hiyo hata mambo ya kompyuta nayatazama kwa jicho jingine. Nina hoja moja ninayotaka kuitetea: baba anayeandika programu anahitaji likizo ya uzazi kama baba mwingine yeyote, na wasanidi wanaofanya kazi kwa mikataba mifupi wanaikosa bila hata kuiulizia. Anayelipa gharama ya likizo hiyo iliyokosekana si mteja wala baba. Ni mama mtoto.

Tuanze na sheria, maana wengi hawaijui. Hapa Kenya Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 29, inampa mama miezi 3 ya likizo yenye malipo kamili, na baba wiki 2 zenye malipo kamili. Kwa jirani zetu, hiyo si haba. Sheria ya Tanzania ya 2004 ilimwekea baba siku 3, na ya Uganda ya 2006 siku 4 za kazi. Bila shaka kuna waliotupita mbali: kule Sweden wazazi wawili hugawana siku 480, na katika hizo kila mmoja ana siku 90 ambazo hawezi kumwachia mwenzake. Lakini wiki 2 ni wiki 2, na ni haki yako.

Ni haki yako, ila soma neno moja kwa makini: mwajiriwa. Msanidi anayetuma ankara kila mwisho wa mwezi si mwajiriwa mbele ya sheria. Ni muuzaji, sawa na mtu anayeleta kokoto kwenye mjengo. Jirani yangu wa ghorofa ya chini ameajiriwa katika kiwanda kimoja cha saruji upande wa Athi River. Mkewe alipojifungua mwaka jana, yeye alikaa nyumbani wiki 2 na mshahara ukaingia kama kawaida. Mimi mwenye shahada ya sayansi ya kompyuta, ninayeambiwa kila siku kwamba niko katika kazi ya kesho, sikuwa na hata siku moja. Kazi ya kesho, haki za juzi!

Sasa, wiki 2 ni za nini hasa? Wapo wanaodhani ni za kupokea wageni na kupiga picha. Ngoja niwape hesabu ya kwetu. Mke wangu alijifungua kwa upasuaji. Daktari akamwambia kwa wiki 6 asiinue kitu kizito kuliko mtoto. Sisi tunakaa Mlolongo, ghorofa ya nne, na anayekaa Mlolongo anajua habari ya maji: siku nyingine mfereji hutoa, siku nyingine unangoja boza, unateremka na mitungi yako. Nyumba yenye mtoto mchanga hufua kila siku. Mitungi 6 ya lita 20 ni kilo 120 za kupandisha ngazi kila siku ya Mungu. Nani angezibeba? Mwenye nyuzi tumboni?

Nilipomweleza mteja wangu, alinipongeza kwa moyo wote, kisha akaniomba nishike zamu ya seva wiki ya pili, "kwa kuwa wewe hata hivyo uko nyumbani." Nilikataa. Nikachukua wiki 2 bila malipo, na pengo hilo tukaliziba kwa akiba iliyokuwa ya mambo mengine. Sisi tulikuwa na akiba. Najua wenzangu wengi ambao hawangekuwa nayo, na wao wangeshika zamu.

Hilo neno "uko nyumbani" ndilo linalonikera. Kufanya kazi nyumbani si kuwa nyumbani. Atakayekuwa amesoma somo la miundo ya data anakumbuka foleni: anayetangulia kuingia ndiye anayetangulia kutoka. Mji wetu wenyewe watu husema ulipata jina kutokana na mlolongo wa malori yaliyokuwa yakisubiri kupimwa uzani. Basi mtoto mchanga hajui foleni. Yeye ni kile kinachoikatiza kompyuta katikati ya kazi na kuilazimisha imshughulikie kwanza. Hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, yaani hutapata saa 3 mfululizo, usiku wala mchana. Na msimbo, kama mnavyojua, ni kazi ya kubeba vitu kumi kichwani kwa wakati mmoja. Ukikatizwa unavimwaga vyote, unaanza kuokota kimoja kimoja.

Halafu kuna usingizi. Mwaka 1997 watafiti Dawson na Reid walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kuwapima watu waliokaa macho. Baada ya saa 17 bila usingizi, utendaji wao ulishuka kama wa mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Hebu fikiria: nani angemruhusu mtu aliyekunywa bia afute jedwali kwenye hifadhidata ya malipo saa tisa usiku? Lakini baba wa mtoto wa wiki 2 tunampa nywila na kumtakia usiku mwema.

Hapa ndipo ninapofikia kiini cha hoja yangu. Wasanidi wa ng'ambo wana mzaha wao wa zamani: ni watu wangapi katika kundi lako wakigongwa na basi mradi wako utasimama? Kando ya barabara ya Mombasa mzaha huo hauchekeshi, kwa hiyo mimi nauliza hivi: ni watu wangapi wakipata mtoto ndipo mradi wako usimame? Kama jibu ni mmoja, basi mtoto hana hatia. Mradi wako ulikuwa umeharibika kabla hajazaliwa, ila hakuna aliyekuwa ameugusa.

Sasa chukua swali hilohilo ulipeleke nyumbani. Nani anajua tarehe ya chanjo ijayo? Nani anajua dawa ile hupimwa kiasi gani, na kilio gani ni cha njaa na kipi ni cha gesi? Katika nyumba nyingi ninazozijua, anayejua ni mmoja tu, mama. Baba ni mtu mwema anayezunguka akiuliza, "Nikusaidie nini?" Swali zuri, lakini linamwachia mama kazi ya kukumbuka kila kitu na kugawa kazi. Hiyo nayo ni seva moja isiyo na nakala rudufu.

Na mambo hayo hayajifunzwi kwa kuelezwa. Hujifunzwa kwa kushinda na mtoto siku nzima, katika siku zile ambazo hata mama mwenyewe bado anajifunza. Ndiyo maana wiki 2 za mwanzo ni za thamani kuliko wiki 2 za mwezi wa nne. Baba akizikosa, mama anatangulia mbali, na kila siku inakuwa rahisi zaidi kwake kufanya mwenyewe kuliko kueleza. Mwaka ukiisha mnasema "yeye ndiye anayemjua mtoto," kana kwamba ni maumbile. Si maumbile. Ni ratiba ya kazi iliyopangwa na mtu mwingine.

Najua wenzangu mtanijibu nini: kuna programu ya simu kwa hilo! Zipo nyingi, za kuhesabu nepi, za kunyonyesha, za usingizi. Mimi nazitengeneza programu kwa riziki yangu, na bado nasema kile kijitabu cha afya ya mama na mtoto mnachopewa kliniki kinazishinda. Hakihitaji chaji wala bando, hakipotei stima ikipotea, na muuguzi yeyote kutoka Wote hadi Westlands anajua ukurasa wa kufungua. Chanjo za kuzaliwa, za wiki 6, wiki 10, wiki 14, kisha surua miezi 9 na miezi 18, zote ziko hapo, na mstari wa uzito unaupima kwa macho. Sisi tumeongeza karatasi moja tu, imebandikwa mlangoni.

Pia jiulize data ya mtoto wako inakwenda wapi. Mwaka 2021 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilimaliza kwa makubaliano shauri lake dhidi ya Flo, programu ya kufuatilia hedhi na ujauzito, iliyodaiwa kupeleka habari za afya za watumiaji kwa kampuni zikiwemo Facebook na Google. Hapa kwetu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla data ya mtoto kutumiwa. Lakini idhini hiyo ndiyo kile kitufe unachobonyeza saa nane usiku, macho yamefumba nusu. Kijitabu hakikuombi idhini.

Wengine watasema baba zetu walirudi kazini kesho yake na sisi tukakua. Kweli, lakini wao hawakuwa peke yao. Mama yangu alikuja kutoka Makueni na unga wa wimbi, akakaa nasi siku 10, kisha mvua zikamwita shambani. Siku ya kuondoka akaniambia, "Mwanangu, mimi nililea na bibi yako, na shangazi zako, na boma zima. Nyinyi mnalea wawili ndani ya chumba, na bado mmoja wenu anaitwa kazini." Sina la kuongeza. Majirani zetu ni wema, mmoja alituletea njahi sufuria nzima, lakini nao wanadamka alfajiri kuwahi gari la Nairobi. Katika nyumba za kupanga, boma ni baba na mama.

Na wenye kampuni changa watasema hawamudu. Piga hesabu: wiki 2 katika wiki 52 ni chini ya asilimia 4 ya mwaka mmoja, na mtu hapati mtoto kila mwaka. Kampuni isiyoweza kuishi wiki 2 bila mtu mmoja ina tatizo kubwa kuliko likizo.

Kwa hilo kuna kisa ninachokipenda. Margaret Hamilton, aliyeongoza uandishi wa programu za safari za Apollo kule MIT, alikuwa akimleta bintiye Lauren maabara usiku na wikendi. Siku moja mtoto akawa anachezea kifaa cha mazoezi ya wanaanga, akabonyeza vitufe na kuita programu ya kabla ya kuruka huku chombo kikidhaniwa kiko safarini. Mfumo ukaanguka. Hamilton akataka kuongeza msimbo wa kuzuia kosa hilo. Akaambiwa mwanaanga aliyefunzwa vizuri hawezi kukosea hivyo. Desemba 1968, Apollo 8 ikiwa angani, mwanaanga Jim Lovell akafanya kosa lilelile na kufuta data ya mwelekeo wa chombo. Mtoto alikuwa amewaonyesha udhaifu mapema, bure, hapahapa duniani. Kundi linaloyumba kwa sababu mtu mmoja amepata mtoto nalo limeonyeshwa udhaifu wake bure.

Basi napendekeza nini?

1. Andika likizo katika mkataba kabla ya kutia sahihi: wiki 2 za uzazi zenye malipo. Mteja akigoma, iingize katika bei yako ya mwaka mzima. Wakili na daktari wa kujitegemea hufanya hivyo bila aibu.

2. Mwezi mmoja kabla ya tarehe ya kujifungua, hakikisha mtu wa pili ana nywila na maelezo, na amewahi kurejesha nakala rudufu kwa mikono yake mwenyewe. Kuonyeshwa hakutoshi.

3. Mzazi wa mtoto mchanga asipewe zamu ya usiku kwa miezi 3. Mpe kazi za mchana zinazoweza kukatizwa: kusoma msimbo wa wenzake, kuandika maelezo, kurekebisha hitilafu ndogo.

4. Mwenye ofisi akumbuke kwamba Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka atenge mahali pa mama kunyonyesha au kukamua maziwa. Choo si mahali hapo.

5. Nyumbani, usiombe kusaidia. Chukua jambo zima liwe lako, na kulikumbuka pia kuwe kwako. Kwetu kliniki ni yangu: tarehe, kijitabu, foleni, na homa ya usiku baada ya sindano.

Chanjo ya wiki 10 tumeshaimaliza, na ya wiki 14 imeandikwa kwenye ile karatasi ya mlangoni. Mkataba wangu unaofuata nao umeandikwa, na safari hii kipengele cha likizo kimo ndani. Mteja alisoma, akauliza swali moja, akatia sahihi. Yaani ilikuwa ni kuulizia tu.

Wahenga walishasema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Kama mnatarajia mtoto mwaka huu, fungueni mkataba wenu leo jioni mtafute neno likizo. Msipoliona, mna miezi kadhaa ya kuliandika.