Kuchunga mbwa wa mwenye konje ni kazi, na kazi inaombaka kontra

Julai na Agosti masomo yanafungwa, na katika miji yetu ya machimbo watu wanasafiri. Mwenye konje anapeleka familia Kalemie ao Mwene-Ditu. Mwengine amepigiwa telefoni usiku kwamba baba mukubwa amekufa, asubuhi yuko ku gari. Injenia wa kampuni anapanda ndege kurudi kwao kwa wiki tatu. Nyuma yao inabakia lupango, sentineli, na mbwa. Sentineli ameachiwa falanga ya bukari ya mbwa. Tuseme kweli: falanga ile inalisha kwanza batoto ya sentineli, na hatuwezi kumulaumu mingi. Mwenye nyumba akirudi anakuta mbwa mbavu inje, ao hamukuti kabisa, maana kuna pia wenye kutazama mbwa munono na kuwaza sufuria.

Fasi ile njo kazi iko. Kumupokea mbwa wa mtu siku kumi, kumulisha, kumutembeza, kumuosha, na kila mangaribi kumutumia mwenyewe foto ku WhatsApp ili alale bila mashaka kule aliko: hiyo haiombi diploma wala kapitali kubwa. Inaomba lupango lenye ukuta ao senyenge ya nguvu, mayi, mutu anayependa nyama, na uaminifu. Vijana wamoja wa Lubumbashi na Kolwezi wamekwisha kuanza. Tunawapongeza. Lakini namna wengi wanavyoanza inatutia woga, na tutasema juu ya nini.

Kwanza tumalize neno la haya, maana tunajua linasemwa ndani ya nyumba. Wazee wetu wa pansion hawapendi kusikia mutoto wao, aliyesoma mpaka diploma ya Leta, anaosha imbwa ya muzungu. Wanakumbuka wakati wa boyi, wakati mbwa wa bwana alikula nyama na boyi alikula mabaki. Tunawaheshimu katika hilo, kumbukumbu ile haikutoka hewani. Lakini tutazame tofauti. Boyi alipangiwa mushahara na bwana, alifukuzwa na bwana, hakuandikiwa kitu. Muchungaji wa leo njo anapanga tarifa. Anaweza kukataa mbwa mukali. Akiwa na wateja wane, mumoja akimutukana, anamurudishia mbwa wake na kamba yake. Na hatuoni kwa nini mwenye kuchunga ng'ombe ya mutu anaheshimiwa, na mwenye kuchunga mbwa anachekwa.

Tena, nyumba ya mufanyakazi wa machimbo inayosimama juu ya mushahara mumoja inasimama juu ya muguu mumoja. Mwaka 2003 Gécamines ilianza kutoa watu zaidi ya 10,000 katika kile kilichoitwa « départs volontaires », na kila familia hapa inajua nyumba zilizoanguka siku zile, na zile ambazo hazikuanguka kwa sababu mama alikuwa na shamba, ao meza ya vitumbua. Karibu na sisi zaidi, Februari 2025 Serikali ilisimamisha kutoa kobalti inje ya inchi, na tangu Oktoba ya mwaka ule ni mambo ya kota. Bei ya kobalti haiamuliwi Kolwezi. Muke wa muchimbaji anayengoja mwisho wa mwezi anangoja uamuzi wa watu asiowajua.

Hapa wengine watatujibu: kampuni ikisimama, si hata wazungu na Bachina wataenda na mbwa wao? Ni kweli, na njo maana anayejenga kazi hii juu ya wageni peke yao anajidanganya. Wateja wa kudumu ni watu wetu wenyewe: mwenye duka, mwalimu wa université, munganga, shefu wa ekipe anayefanya wiki mbili ku kambi ya kampuni na wiki moja ku nyumba. Hao watalipa kidogo kuliko mugeni, lakini wataenda kilio kila mwaka, kobalti ipande ao ishuke.

Sasa woga wetu. Jina lake ni raje, kichaa cha mbwa. Virusi yake inakaa ndani ya mate. Mutu akiumwa, ugonjwa unaweza kulala mwilini miezi miwili ao mitatu, na siku unapoonekana, akianza kuogopa mayi na koo kufunga, karibu hakuna dawa ya kumuokoa. Shirika la afya la ulimwengu, OMS, linasema mbwa njo wanaleta mpaka 99 kwa 100 ya raje inayoshika watu, na kati ya watu 10 wanaoumwa na nyama yenye kushukiwa, 4 ni batoto ya chini ya miaka 15. Batoto ya lupango lako, yenye kucheza na mbwa mugeni aliyefika jana.

Kwa hiyo hatukubali hata kidogo tabia ya kupokea mbwa kwa neno tu, « alipigwa sindano, usiogope ». Karni ya vaksini iko wapi? Tarehe gani? Muhuri wa munganga wa nyama uko? Mbwa anaanza kupigwa sindano ya raje akiwa na miezi mitatu, kisha anarudilia kila mwaka. Sindano ya kwanza haimukingi siku ileile, inaomba wiki tatu hivi. Mwenye mbwa anayekuja ijumaa na kusafiri siku ya posho, na karni hana, ajibiwe hapana, hata akiongeza dola. Sindano ya mbwa ni bei ndogo. Zile za mutu aliyeumwa ni mingi, zina bei kali, na si kila hospitali inazo.

Mutu akiumwa, hata na mbwa mwenye karni: kidonda kioshwe na sabuni na mayi yenye kutiririka dakika 15 nzima, kwa saa, si kwa kukisia. Kisha hospitali, siku ileile. Si mafuta ya gari, si majivu, si kungoja kuona.

Kuko na mambo mengine ambayo mwenye kuanza hayawazi. Mbwa anayebadilishiwa chakula gafula anaharisha. Basi mwenye mbwa alete chakula chake, kama ni kroketi, kama ni bukari na ndagala, kwa hesabu ya siku zote. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka kama sindano ndani ya tumbo. Vitunguu na shokola ni sumu kwake. Mbwa muke anaingia ku joto mara mbili hivi kwa mwaka, na ukimuweka pamoja na dume, siku 63 kisha mwenyewe anapata vitoto sita vyenye hakuagiza, na wewe unapata kesi.

Kesi, kweli. Wakongomani wote tunajua Artikle 15, ile ya kujitafutia. Wachache wanajua artikle 261 ya Code civil, kitabu cha tatu, iliyoandikwa tangu 30 Julai 1888 na inayotumika mpaka leo. Inasema mwenye nyama, ao yule anayeitumia wakati iko mikononi mwake, anajibia hasara inayoletwa na nyama ile, hata kama ilipotea ao ilikimbia. Mbwa wa injenia akiruka ukuta wako na kuuma mutoto wa jirani, injenia yuko Johannesburg, wewe uko hapa. Jirani hatangoja ndege. Njo maana tunasema kontra. Karatasi moja, sahihi mbili, foto ya mbwa siku aliyoingia na kilo zake. Iandikwe siku ngapi, falanga ngapi, nusu inalipwa mbele. Iandikwe nani analipa munganga mbwa akigonjwa, mpaka kiasi gani bila kuuliza, nani analipa akiuma mutu, na inakuwa namna gani mwenyewe asiporudi siku aliyosema. Hilo la mwisho halichekeshi: mbwa aliyeachwa kwako anaendelea kula.

Hesabu tutaipitia mbio. Tuseme umepanga dola 3 kwa siku, chakula ni cha mwenyewe. Mbwa wawili, siku 20: dola 120. Toa sabuni, javel, mayi, dawa ya kupe, transporti, uniti za telefoni, tuseme 40. Inabakia 80. Ni falanga ya kweli, minerval ya batoto iko ndani. Lakini usiizidishe kwa 12! Kuna miezi watu wote wako nyumbani, na mu miezi ile nyumba yako itakuwa na makaye ya hesabu tu. Mwenye akili anaanza na mbwa mumoja, ikiwezekana kule ku nyumba ya mwenyewe, asubuhi na mangaribi. Falanga ya kwanza isiende ku salongo. Itie ku likelemba, zamu yako ikifika jenga vyumba viwili vya mabati vyenye kivuli na sakafu ya kuoshwa, maana mbwa mugonjwa ao mugeni anaomba fasi yake peke yake. Mbwa wa tatu aje nyuma ya chumba cha tatu, si mbele yake.

Na ukifika pale, toka mu giza. Sheria ya OHADA, ambayo Kongo iliingia mwaka 2012, inajua mutu anayeitwa « entreprenant », mwenye kazi ndogo anayejitangaza bila kupita mulango wote wa kampuni kubwa. Patente iko ku komini. Tunajua nini watu wanasema juu ya biro zile na kungoja kwake. Lakini mwenye karatasi anaweza kumuandikia fakture mutu wa kampuni, na mutu wa kampuni anapenda fakture kuliko anavyopenda mbwa wake.

Kwa wakubwa wetu wa komini tunaomba kitu kimoja. Tarehe 28 Septemba ulimwengu wote unafanya siku ya kupiganisha raje. Siku ile waganga wa nyama wa Leta watoke mu biro, wasimame ku soko na ku uwanja wa mupira wa kila kartie, bei ya sindano iandikwe wazi ku karatasi. Na wewe mama ao kijana unayetaka wateja wa Desemba, pita kwa jirani wenye mbwa sasa, uulize karni. Ukingoja Noeli, wiki tatu za sindano hazitakungoja.