Tusidanganywe na Wito wa Mbali

Wenzangu wengi husema kwamba kuandika programu ya mteja, yaani ile iombayo kazi ifanywe na kompyuta nyingine, ni jambo jepesi. Katika Python yatosha mistari 3: waingiza moduli ya xmlrpc, wataja anwani ya seva, kisha waita kazi kana kwamba imo katika mashine iliyo mbele yako. Mimi nasema wepesi huo ndio mtego wenyewe.

Birrell na Nelson, wa Xerox huko Marekani, walilieleza jambo hili mwaka 1984. Ndani ya kompyuta yako hukaa wakala, ambaye huyafunga maneno yako kama barua, huyapeleka, hungoja, kisha hulifungua jibu na kukupa. Nawe waona kazi imefanyika papo hapo mezani. Lakini barua yaweza kupotea njiani!

Muhula huu niliandika mteja wa maktaba yetu katika kompyuta ya mezani. Nikamwagiza angoje sekunde 5, asipojibiwa arudie wito. Nikajiona fundi. Siku moja mtu alijikwaa kwenye waya (simtaji, ila miguu yake ni mirefu). Seva ilikuwa imekwisha andika kitabu cha Fizikia. Jibu tu ndilo lililokosa njia. Waya uliporudishwa mteja wangu akaita tena, na seva ikaandika tena. Kijana wa Kidato cha Kwanza akaonekana ameazima vitabu viwili, akadaiwa kimoja asichokiona hata kwa macho. Alilia. Hakuna aliyemsadiki, maana kompyuta imesema.

Basi kukosa jibu si dalili ya kwamba kazi haikufanyika. Kuuliza idadi ya vitabu waweza kurudia mara mia bila dhara; kuazima sivyo. Kila wito ubadilishao daftari yafaa upewe nambari yake, na seva izikumbuke nambari ilizokwisha timiza: ikija ile ile, irudishe jibu la kwanza, isiandike upya. Kazi hiyo ilinichukua jioni mbili tu. Wako wasemao kwamba huo ni usumbufu bure kwa maktaba ndogo kama yetu. Haya, na wakamweleze hivyo yule kijana.

Deni lake limefutwa, nami nilikwenda bwenini kwake kumwomba radhi. Hata sasa, kila tukionana, huniuliza kama mashine imepona.