Ukimya Unaoitwa Huruma

Naomba nisieleweke vibaya. Mionzi imewaongezea umri wagonjwa wengi wenye uvimbe wa ubongo, na sina ugomvi na mashine. Ugomvi wangu ni na ukimya wa wanaoiendesha.

Kaka yangu alikuwa mwalimu wa hesabu. Alipangiwa mionzi mara 30 kwa wiki sita, katika hospitali ambayo sitaitaja. Tuliambiwa mambo matatu: nywele zitanyonyoka, atachoka, atasikia kichefuchefu. Yalitokea, yakapita. Yaliyokuja baada ya miaka miwili hakuna aliyeyataja. Alisahau jioni alichosema asubuhi. Akashindwa kuhesabu chenji dukani. Majirani wakasema karogwa. Wengine wakasema ni pombe, naye hanywi.

Madhara ya mionzi ya ubongo huja kwa awamu tatu. Ya kwanza ni hayo tuliyotajiwa. Ya pili huja ndani ya miezi sita hivi baada ya tiba: usingizi mzito na uchovu, ambao mara nyingi huisha wenyewe. Ya tatu huchukua miezi au miaka. Kumbukumbu hupungua, fikra huwa nzito, tezi ya pituitari huweza kupunguza homoni zake. Wakati mwingine sehemu ya ubongo hufa, na kwenye picha huonekana kana kwamba uvimbe umerudi. Mengi ya awamu hii hayarudi nyuma.

Wapo wanaojitetea kuwa mgonjwa akiambiwa yote atakimbia tiba. Hoja hiyo naikataa. Anayejua hujiandaa: hupanga mambo ya kazi na watoto mapema, na jamaa zake hawapotezi fedha kwa waganga. Tena yapo ya kufanywa. Homoni hupimwa kwa damu na upungufu wake hutibiwa kwa dawa. Kwa wanaopigwa mionzi ubongo mzima, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kuikwepa hipokampasi, sehemu inayotunza kumbukumbu, pamoja na kutumia dawa ya memantini, hupunguza kuzorota kwa akili. Si kila hospitali ina uwezo huo, lakini atauliza nani ikiwa hajui kuna la kuuliza?

Kaka alitia sahihi kwenye karatasi ambayo maana yake hakuelezwa. Mimi siiti hiyo idhini. Daktari, keti na mgonjwa na jamaa zake, kwa Kiswahili wanachokielewa, uwaeleze na ya miaka ijayo. Nawe msomaji, ukipewa kalamu, usiishike kabla hujauliza: baada ya miaka miwili, itakuwaje?