Uchuro Usio na Kichwa Wala Miguu

Ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, ambao madaktari huuita demensia, unaua. Shirika la Afya Duniani linauweka nafasi ya saba katika orodha ya visababishi vya vifo, na mwaka 2022 ndio ulioongoza kwa vifo nchini Uingereza na Wales. Majumbani mwa Afrika Mashariki ukweli huo haukubaliki. Husemwa ni uzee tu, mzee amerudi utotoni. Na kwa kuwa "uzee tu" hauna mwisho wa kupangiwa, hufuata imani ya pili, mbaya kuliko ya kwanza: kwamba kumuuliza mgonjwa wa namna hiyo angependa auguzwe vipi siku za mwisho, nani amsemee na mali yake iende wapi, ni uchuro. Anayethubutu kuuliza huambiwa anamchuria mzazi, au ana haraka ya kurithi.

Imani hiyo siku hizi haiishii barazani, inahubiriwa. Katika mazishi ya bibi mmoja aliyekaa miaka hawatambui wanawe, mhubiri aliwaambia waombolezaji kwamba mwenye imani hapangi kufa, hupanga kuishi, na kwamba wosia na maagizo ya hospitali ni mambo ya Wazungu waliomsahau Mungu. Watu wakaitikia amina. Nyuma ya turubai watoto wa marehemu walikuwa wameshanuniana kwa ajili ya hati ya kiwanja, hati ambayo mama yao, alipokuwa bado na fahamu zake, angewaambia kwa sentensi moja ameiweka wapi.

Anayehubiri hivyo ama hakukisoma kitabu chake, ama alikisoma kwa kurukaruka. Yakobo wa kitabu cha Mwanzo alimwapisha Yusufu asimzike Misri, kisha akawaita wanawe wote, akamwambia kila mmoja lake, na akalitaja pango la Makpela pamoja na jina la aliyeliuza na la aliyelinunua. Huo ni wosia wenye hadi historia ya kiwanja. Mfalme Hezekia aliagizwa na nabii Isaya apange mambo ya nyumba yake maana anakufa. Hakuna aliyemwambia nabii anachuria, na baada ya hapo Hezekia akaongezewa miaka 15, kwa hiyo hata hesabu ya uchuro inagoma. Upande wa Uislamu, hadithi mashuhuri iliyopokewa na Ibn Umar inamtaka mwenye kitu cha kuusia asilale usiku mbili bila wosia wake kuwa umeandikwa. Wazungu hawamo humo.

Demensia ni kufa kwa seli za ubongo. Mwaka 1906, mjini Tübingen, daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliwaeleza wenzake alichokiona kwa hadubini katika ubongo wa Auguste Deter, mwanamke aliyefariki mwaka huohuo akiwa na miaka 55: mabaka nje ya seli, na ndani ya seli nyuzi zilizosokotana. Miaka 55 si ukongwe. Aina aliyoieleza ndiyo inayoongoza kwa idadi. Nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba, na hapo shinikizo la damu lina mkono wake. Duniani wagonjwa wamepita milioni 55, na zaidi ya nusu wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wilayani Hai, Kilimanjaro, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta takriban wazee 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana demensia, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wanaumwa.

Mwendo wa ugonjwa ndio unaofanya suala la kupanga lisiwe na mjadala. Hutangulia kumbukumbu za jana na juzi. Hufuata hesabu za pesa, maneno, njia ya kurudi nyumbani, choo, kutembea, na mwisho kabisa kumeza. Mgonjwa wa saratani, hata akibaki mifupa, mara nyingi ana ulimi wake hadi wiki za mwisho. Anaweza kusema nipelekeni nyumbani, au msinipeleke. Demensia huanza na msemaji mwenyewe. Huondoa usemi na uamuzi miaka mingi kabla ya kuondoa pumzi, na katikati hapo anabaki mtu anayeishi, anayeumwa, anayehitaji kuamuliwa kila kitu, na asiyeweza kuulizwa lolote. Wanaosema "tutamuuliza wakati ukifika" wanashindwa kuelewa jambo ambalo mtoto wa darasa la nne angelielewa: wakati ukifika hakuna wa kuulizwa. Muda wa kuulizwa ni ule ambao mgonjwa bado anapika chai, anakosea tu sukari. Ni muda uleule ambao familia nzima inashikilia kwamba mama hana tatizo.

Matokeo ya kutouliza huonekana wodini. Mgonjwa ameacha kumeza. Mpira mwembamba umepitishwa puani hadi tumboni na kubandikwa shavuni kwa plasta. Binti yake anausukuma uji uliochujwa kwa bomba kubwa la sindano. Mgonjwa, ambaye hajui mpira ule ni wa nini, anauchomoa. Unarudishwa. Anauchomoa tena. Mwishowe mikono yake inaviringishwa bandeji na kufungwa kwenye vyuma vya kitanda, na hivyo ndivyo anavyolala mwanamke aliyelea watoto saba. Ukiuliza uamuzi huo ulitoka wapi, mara nyingi ulitoka kwa mtoto aliye ng'ambo, aliyepiga simu usiku akisema kila kinachowezekana kifanyike, fedha si tatizo. Fedha si tatizo kweli. Tatizo ni kwamba kinachofanyika hakisaidii. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa na mtandao wa Cochrane mwaka 2009 hayakupata ushahidi kwamba kulisha kwa mpira humrefushia maisha mgonjwa wa demensia iliyokomaa, na mwaka 2014 chama cha madaktari wa wazee cha Marekani kiliwashauri madaktari waachane na mpira huo na mgonjwa alishwe kwa mkono, kijiko kimoja kimoja, kadiri anavyokubali.

Jijini Boston na vitongoji vyake, utafiti ulioongozwa na Susan Mitchell na kuchapishwa mwaka 2009 uliwafuatilia wakazi 323 wa nyumba za wazee waliokuwa katika hatua ya mwisho ya ugonjwa huu. Ndani ya miezi 18 zaidi ya nusu walikuwa wamefariki. Miongoni mwa waliofariki, wawili kati ya kila watano walikuwa wamefanyiwa angalau jambo moja zito katika miezi yao mitatu ya mwisho: kulazwa hospitali, kukimbizwa chumba cha dharura, dripu, au mpira. Na hapa ndipo penye msumari. Wale ambao ndugu zao walikuwa wameelewa kwamba ugonjwa huo unaua, na unaua kwa njia zipi, walisumbuliwa kidogo sana kuliko wenzao. Tofauti haikuletwa na dawa. Ililetwa na kuambiwa.

Melbourne, Australia, wazee 309 waliolazwa waligawanywa makundi mawili. Kundi moja likasaidiwa kuzungumza mapema juu ya matakwa yao. Katika waliofariki, matakwa yalijulikana na kufuatwa kwa asilimia 86 ya waliosaidiwa, na asilimia 30 tu ya wengine. Familia za kundi la kwanza zilipungukiwa na msongo na sonona baada ya msiba. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2010. Uchuro haukuonekana popote katika majedwali yake.

Watetezi wa ukimya wana hoja moja wanayoipenda: babu zetu hawakuandika kitu na waliishi vizuri. Hoja hiyo inachekesha, maana babu hao walipanga kuliko wajukuu wao. Huko huko Hai mzee wa Kichaga aliwaonyesha wanawe mipaka ya kihamba, ikapandwa masale ili asitokee wa kubisha, na ilijulikana tangu zamani kwamba nyumba ya wazazi ni ya kitinda mimba. Mzee aliita watu, akasema, watu wakasikia. Kilichoachwa na kizazi cha sasa ni kule kuita watu. Kilichobakizwa ni hofu. Halafu inadaiwa kuwa ni mila.

Ukimya huo haukomi hata kwenye fedha. Familia isiyoweza kukubaliana nani anunue nepi za mama mwezi huu hufungua kundi la WhatsApp saa mbili baada ya kifo chake, na kabla ya jua kuzama michango imefika kiasi cha kukodi hema, viti, spika, mpiga video na sare za kitenge. Redio nazo zina kesi ya kujibu: kila asubuhi hutangazwa mitishamba ya kurudisha kumbukumbu, na wanaoinunua ni walewale wasiokuwa na nauli ya kliniki. Katika sehemu za Kilifi na Usukumani hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa bibi anayeropoka na kuzurura usiku hafikiriwi kuwa mgonjwa. Anaitwa mchawi, na wapo waliouawa kwa tuhuma hiyo.

Kupanga kwenyewe si jambo la kutisha. Mgonjwa huteua mtu mmoja, si kikao cha ukoo, wa kumsemea atakapokuwa hawezi. Husema kama anataka afie nyumbani au hospitalini, kama nimonia ya tatu itibiwe kwa sindano au apewe nafuu tu. Maumivu huhitaji kutajwa waziwazi, kwa sababu asiyeweza kusema "nyonga inaniuma" huonekana mkorofi, akapewa dawa ya usingizi badala ya dawa ya maumivu. Uganda ilionyesha njia: tangu Hospice Africa Uganda ianzishwe na daktari Anne Merriman mwaka 1993, mofini ya kunywa imekuwa ikifika hadi vijijini, na tangu mwaka 2004 wauguzi waliofunzwa wanaruhusiwa kuiandika. Huduma hiyo ya kumpa nafuu mgonjwa asiyeponyeka, iitwayo huduma shufaa, ilianzia kwa saratani na Ukimwi. Hakuna sababu ya kitabibu ya kuwaacha nje wagonjwa wa kusahau.

Sheria nazo hazimsubiri anayeogopa uchuro. Tanzania, kanuni za wosia za kimila za mwaka 1963 zinataka wosia wa mdomo uwe na mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje, na haziutambui wosia wa mtu ambaye akili yake imevurugwa na maradhi, ulevi au hasira ya ghafla. Kenya, wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili unatambuliwa, lakini kwa raia wa kawaida ni sharti afe ndani ya miezi mitatu. Mgonjwa wa demensia kwa kawaida huishi miaka minne hadi minane baada ya kugunduliwa, kwa hiyo nchini Kenya aliyoyasema akiwa timamu, yasipoandikwa, kwa kawaida hayana nguvu. Maagizo ya matibabu hukaa kwingine: kwenye faili la kliniki na kwa yule aliyeteuliwa, wala si kwenye sanduku moja na hati ya kiwanja, kwa sababu wosia hufunguliwa baada ya mazishi, na kufikia hapo suala la mpira wa puani limeshapitwa na wakati.