Tumlipe fundi kwa kupima, si kwa kufungua pampu

Biashara nyingi za mtaa wa Mukuru kwa Njenga, Nairobi, zinategemea pikapu kuukuu za dizeli: Hilux za injini ya 2L au 3L, Isuzu za 4JA1, Nissan za TD27. Hizi ndizo zinazobeba mabati, mbao, mitungi ya maji na mboga za soko la Marikiti. Siku pikapu moja ikikataa kuwaka, au ikiwaka na kuzima kabla ya kufika Outer Ring Road, mara nyingi hukumu hutolewa papo hapo: pampu imekufa. Pampu hung'olewa, hupelekwa kwa wanaozitengeneza, na mwenye gari hukaa siku kadhaa bila kazi akitafuta pesa za kuikomboa. Desturi hii inawafilisi watu bure. Chanzo chake si ujinga wa mafundi. Ni sisi wateja, tunaokubali kulipia kipuri kilichobadilishwa lakini tunakataa kulipia kazi ya kutafuta kilichoharibika.

Tufuate njia ya mafuta yenyewe. Nyingi ya injini hizi hazina pampu ndani ya tangi. Pampu iliyo kwenye injini, ya aina ya VE iliyobuniwa na Bosch, ndiyo huvuta mafuta kupitia paipu ndefu ya chuma chini ya bodi, vipande vya mpira, filta na ile pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filta. Katika safari hiyo yote mafuta hunyonywa, hayasukumwi. Kwa hiyo mpira uliopasuka huenda usidondoshe hata tone moja. Huingiza hewa tu, kama mrija uliotoboka unavyompa mnywaji hewa badala ya soda. Usiku mafuta hurudi tangini, na asubuhi stata huzungushwa mpaka betri inachoka. Filta iliyoziba ina dalili yake: gari likiwa tupu linaenda vizuri, likipakiwa mzigo na kupanda mlima linaishiwa nguvu. Hata kifuniko cha tangi, tundu lake la kupumulia likiziba, kinaweza kuzima gari njiani. Ukikifungua unasikia hewa ikiingia kwa nguvu, na gari linawaka tena. Hitilafu zote hizi hufanana na pampu mbovu, na zote hurekebishwa kwa pesa kidogo.

Kuna kipimo kinachomaliza ubishi. Fundi huchukua mtungi safi wenye dizeli, anauweka juu kuliko pampu, anaunganisha mpira unaoonyesha ndani kutoka mtungini moja kwa moja hadi kwenye pampu, na mafuta yanayorejea anayaelekeza mtungini humo humo. Anatoa hewa, kisha anawasha. Injini ikinguruma bila kukatika, pampu ni nzima na kasoro iko huko nyuma. Ikiendelea kukohoa huku mpira hauna povu hata moja, hapo ndipo pampu na nozeli zinastahili kushukiwa. Kabla ya hayo atakuwa amewasha swichi na kusikiliza ile valvu ya umeme ya kukata mafuta. Isipotoa mlio wake mdogo, huenda tatizo ni waya tu. Kipimo hiki hakihitaji kompyuta wala mashine ya kuagiza ng'ambo.

Wapo watakaosema kwamba pampu zinakufa kweli kwa sababu dizeli inachanganywa na mafuta taa. Wanasema kweli. Mwaka 2018 serikali yenyewe iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuwanyima wachanganyaji faida. Pampu ya VE hailainishwi na oili ya injini. Vyuma vyake, ambavyo nafasi kati yao ni sehemu chache tu za elfu moja za milimita, hulainishwa na dizeli ile ile inayopita ndani, na mafuta taa hayalainishi vizuri. Lakini hoja hiyo inazidisha haja ya kupima. Pampu iliyotengenezwa upya ikirudishwa kwenye tangi lile lile lenye maji, kutu na mafuta machafu, itakufa tena, na mwenye gari atalipa mara mbili kwa kosa ambalo halikuguswa.

Wengine watauliza kama ni busara kuchezea mtungi wa mafuta katikati ya nyumba za mabati. Hofu hiyo ina msingi. Katika moto wa Sinai, huko huko Mukuru, tarehe 12 Septemba 2011, mafuta yaliyovuja kutoka bomba kuu yaliwaka na kuua watu zaidi ya 100. Kazi hii basi ifanyiwe mahali wazi, mbali na majiko na mashine za kuchomelea, na mtu asiweke kidole mbele ya nozeli, kwa maana dizeli inayoruka pale inapenya ngozi.

Limebaki pingamizi zito zaidi: mteja hana pesa za kulipia kutazamwa. Lakini tazama upande wa fundi. Akitumia saa nzima na kugundua mpira uliopasuka, tunamlipa bei ya mpira na shukrani. Mwenzake aliyeng'oa pampu bila kupima anaondoka na pesa nyingi zaidi. Tukimwadhibu mkweli namna hiyo, tusishangae pampu zinapofunguliwa kila siku. Wenye pikapu wanaoegesha pamoja wakubaliane na mafundi wao ada ya kupima, ilipwe hata kama kilichopatikana ni kidogo. Na masharti yawe mawili: pampu isiguswe kabla ya kipimo cha mtungi kufanywa mbele ya mwenye gari, na kipuri kilichotolewa akabidhiwe mkononi. Ada hiyo itakuwa ndogo kuliko hasara ya siku moja ya pikapu kulala gereji bila sababu.