Pua Si Ushahidi

Kuna kauli moja niliyoisikia mara nyingi mno darasani na katika midahalo yetu, na leo nataka kuipinga hadharani: kwamba mnyama hujulikana kwa umbo lake, na kwamba kazi ya mwanafunzi ni kukariri jedwali la ngeli, oda na familia za mamalia kama anavyokariri jedwali la kuzidisha. Wanaoitetea ni watu ninaowaheshimu. Wanasema jedwali limeshakamilika, wataalamu wamemaliza kazi, kwa hiyo sisi tulimeze tu tufaulu mtihani. Mimi natoka Rwanda. Kwetu jedwali la namna hiyo liliwahi kumezwa bila kuulizwa swali, na nitaeleza mbele kwa nini siwezi kulichukulia kuwa jambo la mtihani tu. Lakini kwanza niwazungumzie wanyama, maana hoja inaanzia kwao.

Tazama alivyopewa jina okapi, mnyama wa jirani zetu wa Kongo. Mwishoni mwa karne ya 19 Henry Morton Stanley aliandika kwamba Wambuti wa msitu wa Ituri wanamjua mnyama fulani anayefanana na punda. Harry Johnston, aliyekuwa mwakilishi maalumu wa Uingereza nchini Uganda, akavutiwa na habari hiyo na kuingia msituni kumtafuta. Alichopata mwanzoni ni vipande vya ngozi yenye milia, vilivyokuwa vimekatwa kuwa mikanda. Vikapelekwa London, na mwaka 1901 Philip Lutley Sclater akampa mnyama huyo jina la Equus johnstoni, yaani akamtia katika jenasi ya farasi, punda na punda milia. Milia si ndiyo hiyo? Basi.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo mimi huipenda kuliko zote. Huko msituni wenyeji walikuwa wamemwonyesha Johnston nyayo za mnyama wenyewe, nazo zilikuwa za kwato zilizopasuka, kama za ng'ombe. Farasi na punda wana ukwato mmoja kila mguu, jambo ambalo mtoto yeyote aliyewahi kuona punda analijua. Johnston hakuwaamini. Alidhani wanampoteza. Baadaye ofisa Mswidi aliyeitwa Karl Eriksson akampelekea ngozi kamili pamoja na mafuvu, na mwaka uleule wa 1901 Ray Lankester akamtoa okapi kwa farasi na kumtungia jenasi yake, Okapia, karibu na twiga. Huko ndiko aliko mpaka leo. Mtu alikuwa na milia mkononi na nyayo mbele ya macho yake. Akachagua milia, kwa sababu ilikubaliana na alichotoka nyumbani akikitafuta.

Mtaniambia huo ni uzembe wa mtu mmoja mwenye haraka. Haya, tumchukue sange, ambaye hakuna aliyemfanyia haraka.

Sange ni mnyama mdogo mwenye miguu ya nyuma mirefu na myembamba, macho makubwa, na pua ndefu inayochezacheza huku na huku ikitafuta wadudu. Wapo wa spishi zipatazo 20, wote wa Afrika. Waingereza walipomwona walimpa jina linaloweza kufasiriwa kirukanjia-tembo: kirukanjia kwa umbo, tembo kwa sababu ya pua. Wataalamu wa anatomia wakamweka kwenye oda ya wala wadudu, Insectivora, pamoja na kirukanjia wenyewe, kalunguyeye na fuko wa Ulaya. Oda hiyo ilikuwa kama lile droo la nyumbani ambamo kila kisicho na mahali pake hutupwa. Baadaye wengine wakatazama meno na mifupa ya fuvu wakasema hapana, huyu ana undugu na sungura. Hawakuwa wajinga hata kidogo. Walipima na kuchora kwa uangalifu ambao wengi wetu hatuna. Tatizo lao ni kwamba maisha yanayofanana hutengeneza miili inayofanana. Anayechakura majani makavu kutafuta mchwa ataelekea kuwa na pua ndefu, hata kama babu zake na babu za jirani yake hawakuwahi kukutana.

Mwaka 1997 Mark Springer na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kulinganisha jeni za mamalia wengi, na mwaka 1998 kundi walilolikuta likapewa jina, Afrotheria. Ndani yake mlikuwa na tembo, pimbi, nguva, muhanga, sange, fuko wa dhahabu wa kusini mwa Afrika na tenreki wa Madagaska. Yaani sange mdogo na tembo mwenye tani kadhaa wametoka kwa babu mmoja wa Afrika, aliyeishi makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita, bara hili lilipokuwa limezungukwa na bahari pande zote. Na kirukanjia, aliyefanana na sange kiasi cha kumpa jina lake, yuko mbali naye kuliko tembo alivyo.

Wamejuaje? Hili ndilo swali ambalo kwenye mitihani niliyofanya sijawahi kuulizwa. Jeni hunakiliwa kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto, na makosa ya kunakili hurithiwa. Mwalimu anaposahihisha karatasi, wanafunzi wawili wenye jibu sahihi lilelile hawamshtui. Lakini wakiwa na kosa lilelile la ajabu, katika mstari uleule, anajua kuna mmoja aliyemwangalizia mwenzake, au wote wawili wamenakili kwa mtu wa tatu. Watafiti wa jeni hutafuta makosa ya namna hiyo. Kisha, baada ya jeni kusema, watu wa mifupa walirudi maabara na kutazama upya. Mwaka 2007 na 2008 zikachapishwa tafiti zilizoonyesha kwamba wengi katika kundi hili wana pingili nyingi za kifua na kiuno kuliko kawaida ya mamalia, na kwamba meno yao ya ukubwani huchelewa kutoka. Tembo, pimbi na sange wote korodani zao hubaki ndani ya tumbo. Ishara zilikuwepo mwilini muda wote. Ila hazikuwa mahali palipokuwa pakitazamwa.

Jina la kirukanjia-tembo, basi, limekuja kuwa nusu kweli kwa bahati tu. Pua ya sange na mkonga wa tembo havikurithiwa kutoka kwa babu yao wa pamoja. Kila mmoja alijiotesha chake. Aliyesema "ndugu wa tembo kwa sababu ya pua" alipata jibu na kukosa sababu. Mimi ningemnyima alama.

Sisi tunaosoma Kiswahili hatuna kisingizio cha kutolielewa jambo hili, maana tumeshapigana vita hivihivi katika sarufi. Si bure kwamba neno letu la ngeli linatumika kote kuwili, kwa nomino na kwa wanyama. Walioainisha kwa kutazama umbo la nomino pekee waliona ki- mwanzoni mwa kiti, kifaru, kiboko na kipepeo, wakawaweka nyumba moja. Lakini iweke nomino katika sentensi. Kiti kimevunjika, kifaru amelala. Viti vimevunjika; vifaru wamelala. Ki- ya kifaru ni pua ndefu, inaonekana kwa mbali na kila mtu anaikimbilia. Ngeli yake inaonekana kwenye upatanisho, katika kitenzi na kivumishi, huko ambako msikilizaji mgeni hajafikiria kutazama. Mwanafunzi anayesema "kifaru kimelala" tunamcheka. Nashangaa kwamba mwanafunzi huyohuyo akituambia kwamba nyangumi ni samaki kwa sababu ana mapezi, au popo ni ndege kwa sababu ana mabawa, tunamwambia tu "kariri vizuri" bila kumwonyesha kwamba amefanya kosa lilelile.

Sasa nije kwetu.

Mwaka 1758 Carl Linnaeus alichapisha toleo la kumi la kitabu chake cha kuainisha viumbe, na humo ndimo jina Mammalia lilipoanza, kutokana na matiti yanayonyonyesha. Ni kitabu kikubwa, sikidharau. Katika oda ya Primates aliwaweka binadamu, nyani na, mtacheka, popo, kwa kuhesabu meno ya mbele na kwa kuona matiti mawili kifuani. Lakini katika ukurasa wa binadamu hakuishia kwenye meno. Aligawa watu kwa mabara manne na kila kundi akalipa rangi na tabia. Mwafrika akamwandika kuwa mvivu. Linnaeus hakuwahi kufika Afrika. Popo walihamishwa baadaye na hakuna popo aliyedhurika. Yale ya binadamu yalikaa muda mrefu zaidi.

Karne moja baadaye akapita John Hanning Speke. Yupo mnyama anayembeba katika jina lake la kisayansi, Tragelaphus spekii, yaani nzohe, yule swala wa mabwawa mwenye kwato ndefu za kutembelea matope, ambaye kwa Kinyarwanda tunamwita inzobe. Kwato zile watu wamezichunguza, na kila mwenye shaka anaweza kwenda kuzipima upya. Lakini Speke huyohuyo alichapisha mwaka 1863 kitabu alimodai kwamba watawala wa nchi za maziwa makuu walikuwa watu wa asili nyingine, waliotoka Uhabeshi, na hoja yake kubwa ilikuwa sura zao. Hakuingia Rwanda. Waliokuja baada yake waliingia na dhana hiyo kichwani kama Johnston alivyoingia Ituri na farasi wake. Chini ya Wabelgiji watu wetu walipimwa urefu, mafuvu na pua kwa vifaa vya kupimia, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 kila mtu mzima akaandikwa kwenye kadi: Mhutu, Mtutsi au Mtwa.

Nanyi mnaopenda maneno, angalieni neno lililoandikwa kwenye kadi hiyo. Ni ubwoko. Kwa Kinyarwanda ubwoko ni aina. Tunalitumia kwa aina ya maharage na kwa spishi ya mnyama. Lakini zamani, ukimuuliza Mnyarwanda ubwoko wake, angekutajia ukoo: Abasinga, Abagesera, Abazigaba. Na ndani ya ukoo mmoja walikuwemo Wahutu, Watutsi na Watwa pamoja. Yaani nyayo zilikuwepo, na wenyeji walizionyesha. Lugha moja, koo zilezile, vilima vilevile. Wapimaji wakachagua pua. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kadi hizo zilisomwa kwenye vizuizi vya barabarani, na asiyekuwa na kadi alihukumiwa kwa sura yake.

Nawasikia wanaosema nimechanganya mambo: somo la mamalia ni somo la wanyama, siasa ziachwe nje. Binadamu ni mamalia. Ana nywele, ananyonyesha, na ana vifupa vitatu ndani ya sikio kama panya na nyangumi. Walioleta vipimo vya mafuvu hawakudai kwamba wanaleta siasa; walisema wanaleta sayansi ya kuainisha. Tukikataa kulizungumza darasani tunawaachia uwanja.

Wapo pia wanaokwenda upande wa pili. Kama wataalamu walimwita okapi farasi na sange kirukanjia, wanasema, kwa nini tuwaamini kwa lolote? Hawa nao siwakubali. Sclater alirekebishwa ndani ya miezi kwa sababu mafuvu yalifika na watu wakayatazama. Insectivora ya zamani ilivunjwa na watafiti wenyewe, tena mbele ya wote, kwa ushahidi ambao mtu wa Kigali au wa Kampala anaweza kuuhoji. Hata kuhusu binadamu, mwaka 1972 Richard Lewontin alikokotoa kwamba sehemu kubwa ya tofauti zetu za kijeni, kama asilimia 85, imo ndani ya kila jamii, kati ya mtu na jirani yake. Hesabu hiyo ilitokana na protini za damu. Pua hazikuhusika. Dhana ya Speke haikuanguka kwa sababu ya kudharau sayansi. Iliangushwa na watu waliotaka ushahidi ambao yeye hakuutoa. Wala sisemi jeni ziwe jedwali jipya la kumeza. Anayesema "DNA imesema" asiweze kueleza imesemaje, hana tofauti na aliyesema "pua imesema."

Ninachotaka ni kidogo, na hakihitaji maabara. Mtihani uache kuuliza "Taja oda ya pimbi." Uulize hivi: mwaka 1766 Peter Simon Pallas alimweka pimbi katika jenasi moja na simbilisi, mnyama wa jamii ya panya, leo pimbi yuko pamoja na tembo na nguva. Pallas alitazama nini? Waliomhamisha walitazama nini? Na wewe ungehitaji kuonyeshwa nini ili umhamishe tena? Alama 20. Jibu la sehemu ya tatu walimu wasiliandike mapema kwenye mwongozo wa kusahihisha.